Nafasi ya Langoni

Jumapili, 7 Juni

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na kaka yangu mpe za kwake. Nimefika salama. Mama yuko kitandani, anaongea, anakula kidogo, na analalamikia mto wake kana kwamba mto ndio uliomletea ugonjwa. Daktari amesema moyo umechoka, apumzike.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba na masikio ya Mama hayajaugua hata kidogo. Dereva wa lori la vitunguu amekubali kutubebea barua kila wiki, kwenda na kurudi. Ukimpa karoti moja au mbili atakuwa mwaminifu zaidi.

Sasa soko. Najua wewe ni mtu wa cherehani na hujawahi kuuza hata limau, lakini kaka atachuma na wewe utauza, ndivyo tulivyokubaliana. Fika kabla lango halijafunguliwa. Nafasi yangu ni ya kwanza kulia ukiingia, chini ya ukuta wa ghala, penye kivuli mpaka adhuhuri. Kila mtu anaitaka. Muuza matunda ataanza kusukuma vikapu vyake kidogo kidogo huku anakuuliza habari za nyumbani. Mjibu habari, vikapu virudishe. Usipige kelele za kuita wateja. Sisi wa langoni hatuiti, tunasalimia. Nyanya laini weka juu, ngumu chini. Na hata ukibakiwa na karoti moja, simama nayo mpaka mwisho. Usikose Jumamosi yoyote.

Mimi nitarudi baada ya wiki chache. Nimeshafagia uwanja, nimepanga upya kabati la vyombo bila kuombwa, nimegombana na fundi wa bomba, na bado ni asubuhi. Miguu inaniwasha.

Wifi yako, mwenye meza


Jumapili, 14 Juni

Wifi,

Meza yako i hai, ingawa jana nilikaribia kuiua.

Ijumaa jioni kaka yako alileta karoti na viazi vimejaa udongo. Mimi, ambaye nguo haitoki mkononi mwangu na uzi unaning'inia, ningezipelekaje mbele za watu katika hali ile? Nikaziosha. Nikazisugua kwa brashi mpaka zikang'aa, nikazipanga kwa urefu kama vifungo kwenye kadi. Asubuhi nikasimama nazo, najiona. Watu wakaja, wakatazama, wakapita. Wakaja wengine, wakapita. Mama wa mayai akanivuta pembeni: "Mwanangu, karoti safi namna hiyo watu wanajua imetoka dukani. Udongo ndio ushahidi wake!"

Basi nikafanya nini? Nikachota udongo kando ya bomba, nikaanza kuzipaka upya, moja moja. Mzee wa asali alicheka mpaka kofia yake ikaanguka ndani ya ndoo. Ile kofia yake ya manyoya ya ndege, anayoivaa kama waziri. Lakini wateja nao walicheka, na waliocheka walinunua. Nilirudi nyumbani na vikapu vitupu.

Muuza matunda aliniuliza habari za nyumbani. Nilimjibu zote, na vikapu nikavirudisha.

Wifi, nikwambie kitu? Mimi hukaa mwaka mzima mgongo ukiwa dirishani, nashona nguo za watu kwenda kwenye shughuli zao. Jana nilisimama nje siku nzima. Miguu iliuma na nilifurahi.

Mwambie Mama namwombea.

Wifi yako, Fundi


Jumapili, 21 Juni

Wewe mwanamke,

Umezipaka udongo! Nilimsomea Mama, akacheka mpaka nikaogopa kifua chake. Akasema kaka yangu alipata mke na soko likapata kichekesho.

Sasa usinipe vichekesho peke yake. Niambie kila kitu. Matango yameanza? Yule mwalimu mstaafu anayechagua nyanya kama anasahihisha mitihani bado anakuja? Wanauliza niko wapi? Jana, Jumamosi, niliamka nikiwa nimeshavaa viatu. Nikazunguka nyumba. Nikaenda mpaka njia panda, nikarudi. Mama akaniuliza, "Unatafuta nini?" Nikasema kuku. Hatuna kuku.

Daktari alikuja tena. Hana jipya.

Wifi yako, mwenye meza


Jumapili, 5 Julai

Wifi mpendwa,

Msimu umefunguka. Sijui wewe huwa unauonaje baada ya miaka yote hii, lakini mimi macho hayatoshi. Jana kulikuwa na maharage mabichi, matango, pilipili hoho za rangi zote, na nyanya ambazo kaka yako alizibeba kama anabeba mtoto mchanga. Asubuhi lango likifunguka watu wanaingia na ubaridi wao, hawajaongea bado, na mtu wa kwanza wanayemwona ni mimi. Nawasalimia. Kuna raha pale ambayo hukuwahi kunisimulia, mchoyo wewe.

Kuna jambo limeanza lenyewe. Nilifunga mafungu ya mboga kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kushona, kwa sababu kamba ziliisha. Watu wakavipenda. Kisha mwalimu wako mstaafu mfuko wake ukachanika, viazi vikatawanyika. Mimi sindano huwa haiko mbali. Nikaushona pale pale huku yeye anasahihisha nyanya zake. Jumamosi iliyofuata wakaja wengine na mifuko, na kola, na zipu. Wakisubiri wananunua. Muuza matunda amenuna mpaka ndizi zake zinaiva.

Mzee wa asali ananisimulia mambo mengi ya soko, ya zamani na ya sasa. Anaongea huyo! Lakini nasikiliza.

Wanauliza uko wapi, ndiyo. Wiki za kwanza waliuliza sana.

Wifi yako, Fundi


Jumapili, 12 Julai

Wifi,

Nimepata barua yako. Nimefurahi kwamba unafurahi.

Ila nilikuachia meza ya mboga, sikukuachia kibanda cha kushonea. Mtu akija kwangu anataka nyanya. Vitambaa hivyo vya rangi sivitaki, vinafanya meza ionekane ya mtu mwingine. "Wiki za kwanza waliuliza sana." Na za pili? Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nakaa hapa najionea. Walisema pia kikulacho ki nguoni mwako.

Usiizoee sana ile nafasi. Nitarudi kabla ya mwezi wa nane kwisha, lazima, hata iweje.

Mama analala mchana sasa. Nimepaka rangi mlango wa jikoni. Nimeupaka tena kwa sababu rangi ya kwanza sikuipenda.

Mwenye meza


Jumapili, 26 Julai

Wifi,

Wiki iliyopita sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilichana karatasi. Mimi ni fundi wa nguo. Kilichomo nguoni nakijua vizuri, na si mimi.

Sasa tusizungushane. Ulisema nisikose Jumamosi, nisimame hata na karoti moja, na hukusema kwa nini. Mzee wa asali alishaniambia tangu mwezi wa sita. Hapa sokoni hakuna karatasi wala hati ya nafasi. Jumamosi ya mwisho ya msimu kila muuzaji anasimama pale pale anapouzia, akitoa kitu chake cha mwisho anapaza sauti, "Nimefunga!" na soko zima linamjibu, "Umefunga!" Aliyefunga msimu ndiye atakayefungua unaofuata, na nafasi ni yake. Kama hakuna aliyefunga, nafasi ni ya atakayewahi.

Kwa hiyo uliogopa kwamba nitafunga mimi.

Ungeniambia tu. Lakini nami nilijua nikanyamaza, na sitajifanya malaika: niliitaka. Nimeitaka wiki zote hizi. Nikisimama pale asubuhi naona kama nimezaliwa upya, na nikirudi kwenye cherehani Jumatatu naona dirisha limesogea mbali zaidi. Nilishajisikia nikipaza sauti. Nilifanya mazoezi jikoni, kaka yako akadhani namwita.

Halafu nikasoma tena barua zako zote, kwa mpangilio. Kabati, uwanja, kuku, mlango, mlango tena. Wifi, hukai na Mama. Unazunguka nyumba aliyomo Mama.

Sikulaumu. Mimi mama yangu nilimwuguza mpaka mwisho, kiti kile nakijua, na hakinitishi. Wewe kinakutisha. Basi tubadilishane. Nije nikae naye, wewe rudi kwenye meza yako, funga msimu wako. Kaka yako ameshakubali. Kwanza alikuna kichwa, kisha akakubali.

Nikiacha meza sasa naiacha kweli, najua. Jibu haraka kabla sijabadili mawazo.

Fundi


Jumapili, 2 Agosti

Wifi yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Mimi, nimeketi!

Ni kweli. Daktari alikuja ile mara ya pili na jipya alikuwa nalo, nikakuficha. Alisema moyo hautapona, ni suala la muda, hajui kama ni miezi au ni mwaka. Tangu siku ile nikiingia chumbani namwona anavyopumua nami nasahau kupumua. Naogopa. Mtu mzima mimi, nimezika baba, nimekabana koo na muuza matunda mbele ya umati, lakini kuketi pale siwezi. Natoka nikafagie.

Nilimwambia Mama kwamba unakuja. Akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akageukia ukutani akalala vizuri. Sikujua nicheke au nilie.

Barua hii naituma kwa basi la kesho ili ikuwahi. Njoo na lori la Alhamisi. Mimi nitaondoka nalo hilo hilo. Dawa zake zimepangwa dirishani, za asubuhi kushoto. Anapenda kufunguliwa pazia mapema. Na nisamehe kwa lile neno la nguoni.

Wifi yako


Jumapili, 9 Agosti

Wifi,

Nimerudi mezani. Jana nimeuza mpaka saa sita, na nimeuza vibaya.

Mtu wa kwanza kuingia langoni alikuwa mwalimu mstaafu. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Mimi! Ninayemwuzia nyanya tangu hajastaafu! Nikamwambia Fundi amesafiri. Akanipa mfuko wake uliochanika, akaurudisha kwapani, akanunua nyanya nne kwa huruma. Baada yake wakaja watu watano wenye zipu. Mzee wa asali kavua kofia kunisalimia, halafu akaniuliza utarudi lini.

Nafasi ni ile ile, kivuli ni kile kile, na maboga yameanza, mazuri kupita ya mwaka jana. Nimepaota kwa miezi miwili. Sasa nimesimama pale nasikia mtu anakohoa na nageuka kama ni Mama.

Amelala vipi? Amekula? Pazia unamfungulia? Niandikie kila kitu.

Wifi yako, mwenye meza (inasemekana)


Jumapili, 16 Agosti

Wifi mpendwa,

Tuko salama. Huku hakuna mengi. Nimeleta suruali za watu za kupunguza, nakaa karibu na kitanda nashona, yeye anatazama mkono wangu. Wakati mwingine anasema, "Hapo umepinda," na kweli nimepinda. Tunaweza kukaa hivyo mpaka jua linahama ukutani bila neno.

Nitakwambia alichosema, kwa kuwa uliomba kila kitu. Alisema, "Mwanangu nampenda kuliko macho yangu, lakini akiwa hapa nachoka. Ni kama nzi kwenye kioo. Nilikuwa nafumba macho ili aone nimelala, aende zake apumzike." Kwa hiyo wifi, wewe ulimkimbia ukidhani hutavumilia kumwona, na yeye alijifanya amelala ili uondoke. Mlivyofanana, Mungu awasaidie.

Barua zako ananiamuru nimsomee kwanza sehemu ya soko. Ya mwalimu aliipenda. Niongezee maneno mengine ya soko, anayala kuliko uji.

Mlango wa jikoni una rangi nzuri.

Fundi


Jumapili, 23 Agosti

Wifi,

Barua yako imenikera siku mbili, na siku ya tatu imeniliza. Nilihofia utaninyang'anya nafasi langoni, kumbe nafasi niliyoiacha wazi ilikuwa nyingine. Nikifikiria umekaa pale na suruali zako, anakwambia umepinda, wivu unanishika kuliko ulivyonishika wa vitambaa. Mimi hajawahi kuniambia nimepinda. Nilikuwa sikai muda wa kutosha.

Msomee haya: Muuza matunda amenunua sauti mpya, au amekunywa mayai mabichi, sijui, anasikika mpaka barabarani. Mama wa mayai ameapa kwamba kuku wake wamegoma kutaga kwa kelele hizo. Maboga yamejaa mpaka nimeyaweka chini ya meza, na mzee wa asali amekalia moja akidhani ni kigoda chake, nami nimemwacha. Nimeanza kufunga mafungu kwa vitambaa. Usinicheke.

Jumamosi ijayo, tarehe 29, ndiyo ya mwisho. Nitafunga, nitapaza sauti mpaka Mama asikie huko, na Jumapili napanda chochote chenye magurudumu. Nimeamua kuketi. Nitajifunza. Mwambie anisubiri nifunge tu.

Wifi yako


Jumatano, 26 Agosti

Wifi,

Dereva amepita leo, si Alhamisi, ndiyo maana naandika kwa haraka. Nilikwambia tuko salama. Haikuwa salama yote. Sikutaka uharibu msimu wako baada ya mimi kuuacha.

Tangu Jumatatu hali uji. Barua yako dereva ameniletea sasa hivi; sehemu ya kusubiri sitamsomea. Jana asubuhi aliniuliza soko linafungwa lini. Nikamwambia Jumamosi. Mchana akaniuliza tena. Leo ameniuliza alfajiri, akaongeza, "Jumamosi ni mbali?"

Hajakuita. Unamjua, hawezi kukuita. Wewe pima.

Fundi


Jumapili, 30 Agosti

Kwa mama wa langoni,

Salamu. Mimi ni muuza asali, jirani yako. Sijaandika barua tangu nilipoposa, na ile haikujibiwa, kwa hiyo nivumilie. Nampa dereva hii akuletee huko kwa mama yako.

Ijumaa ulipopita hapa mbio na mfuko begani, ulinipigia kelele kupitia lango, "Nimeghairi kufunga! Nafasi apewe anayeitaka!" halafu ukapotea kabla sijavaa kofia. Sikukujibu, kwa hiyo kwa upande wangu hatujakubaliana.

Jana alfajiri kaka yako alileta mazao, akayapanga mezani kwako, akaenda kazini. Tukayauza sisi. Mama wa mayai asubuhi, mimi baadaye, na mwalimu mstaafu akavua koti akasimama kwenye nyanya na kuwakemea wateja mpaka zikaisha. Wakaja watu na zipu zao, tukawaambia warudi mwakani.

Jioni kila mtu akaanza kufunga. Nikafunga mimi, wakaniitikia. Akafunga mama wa mayai. Ikafika kwako. Mezani palikuwa na boga moja, na muuza matunda alikuwa ameshasimama karibu, kitambaa chake cha meza mkononi, ananitazama. Kwa sheria, kama hakuna aliyefunga, nafasi ni ya atakayewahi, na yeye alikuwa amewahi, sikatai. Akaja mama mmoja kulinunua boga. Mama wa mayai akamwambia haliuzwi. Akaja mwingine. Haliuzwi. Muuza matunda akauliza, "Sasa mnafanya nini?" Nikamwambia kitu kikiwa bado mezani, msimu wa meza hiyo bado. Hilo nalo ni sheria, ingawa kusema kweli nimeitunga jana. Akakunja kitambaa chake, akakitia mfukoni. Kisha akachukua vikapu vyake, ambavyo vilikuwa vimeingia kwako tena, akavirudisha mwenyewe.

Kwa hiyo meza iko pale, na boga liko juu yake. Mlinzi wa ghala analitazama. Likianza kulainika nitaweka jingine, na sitamwambia mtu, nawe usimwambie.

Sijui umemkuta mama katika hali gani. Natumaini mlionana. Huku soko lote limefunga isipokuwa wewe. Kaa naye. Usiwe na haraka.

Jirani yako, muuza asali